Magogo Katika Mpunga

Siku ulipoangushwa mvule mkubwa wa juu ya mto Lumemo, nusu ya Ifakara ilihama kwenda kutazama, na wengine walibeba chakula kana kwamba wanakwenda harusini. Usiwacheke. Mti ule, watu wazima wakishikana mikono kuuzunguka, waliokuwa upande huu walibaki kuwauliza wa upande ule kama wapo. Ndege wa kileleni hakuna aliyewajua majina, maana hawakuwahi kushuka. Msumeno ulipofika kwenye kiini, mti ulitoa sauti kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Ukanyamaza. Kisha mbingu ikafunguka.

Ardhi iliruka. Watoto walilia, mbwa walikimbilia mtoni, na mwanamume mmoja mnene wa Kibaoni alijikuta amekaa chini bila kuamua kukaa. Vumbi lilipotua, mwanga ulimwagika mahali ambapo haukuwahi kufika tangu dunia iumbwe, na watu wakawa wanatazama majani makavu, mizizi na konokono kama wanaotazama chumba cha mtu aliyeondoka ghafla. Hata katekista alivua kofia.

Kelestini alikuwa mmoja wa wawili waliovuta ule msumeno. Alipanda juu ya gogo, akapunga mkono. Mkewe Aurelia, aliyekuwa akiwauzia wafanyakazi uji na maandazi, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

"Mmemwona mume wangu?"

"Tumemwona, dada," alisema Hermenegildi, Mbena aliyekuja na mke, watoto wasiohesabika na majembe. "Lakini tuseme kweli, mti wenyewe ulikuwa umesimama tu. Haukurudisha hata kofi."

Watu wakacheka. Hermenegildi naye alikuwa na furaha yake, tena ya peke yake. Alikuwa ameshapima kwa macho: pale kivuli kilipoondoka, mahindi yataota.

Kiwanda cha mbao kilikaa ukingoni mwa mto, pale milima inapoanza kupanda. Kilikuwa na boila nyeusi isiyoshiba kuni na msumeno wa duara mpana kama meza ya jumbe. Gogo liliingia upande mmoja na kuvu lake na sisimizi wake, likatoka upande wa pili mbao tupu, zinanukia kama sanduku la bibi harusi. Asubuhi king'ora kililia, na kuku wa bonde zima wakajiona hawana kazi tena.

"Mke wangu," Kelestini alimwambia Aurelia, "kile kitu kinamaliza mti aliouona babu yangu kabla wewe hujamaliza kumenya ndizi." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema kanisani. Yeye alikuwa mwana wa mvuvi. Vitu vikubwa alivyovijua ni kiboko na mto. Sasa alikuwa amekutana na cha tatu, na hiki kilimpa mshahara na buti.

Watu nao wakaja. Walikuja Wabena, Wahehe, Wangoni, kila mmoja na mpwa wake na shemeji yake. Bonde lilijaa kama kibanda cha sokoni wakati wa mvua: kila anayeingia husema yeye ndiye wa mwisho, kisha humvuta ndugu yake. Mpaka mwezi wa Mei mwaka ule, miteremko iliyokuwa na msitu mweusi ilikuwa imevaa mahindi, na mahali pa nyani palikuwa na moshi wa majiko. Ilipendeza, tusidanganyane. Mtu alisimama chini bondeni akatazama juu, akasema: kumbe sisi binadamu tunaweza!

Mama yake Kelestini, Bi Natalia, hakwenda kuangalia mvule ukianguka. Alikuwa na shamba la mpunga la kulinda. Kama desturi ya watu wa huko, tangu mpunga uanze kubeba alihamia shambani, akaishi juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambamo mtu hulala, hupika na hufukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno. Wajukuu walibaki mjini kwa shangazi yao, wakisoma. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula cha nyumba nzima mpaka mwaka mwingine. Mshahara wa kiwandani ulinunua buti na sukari, haukutosha kulisha.

Na Bi Natalia ndiye aliyejua maji. Majirani hawakuhamisha hata kuku kabla ya kumuuliza. "Maji ya bonde hili yana adabu," aliwaambia. "Kwanza yanakuja meupe, polepole. Yanakugusa kidole cha mguu, yanakungoja ukusanye vyombo, ndipo yanaingia." Hakuwahi kukosea. Mwaka ule pia mto ulikuwa umepanda na kushuka kama alivyosema, mpunga ukasimama shingo ndefu, ukaanza kupiga rangi ya dhahabu.

Aurelia alifika shambani siku moja mchana, anahema, khanga imelowa mpaka kiunoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina. Panda. Mbona kichwani hamna kitu? Sufuria iko wapi?"

"Imekwenda na maji."

"Imekwenda wapi? Ina ndugu huko?"

Aurelia alikaa kwenye ngazi ya dungu, akaeleza. Alikuwa ameiweka sufuria ukingoni, pale kiwandani, anatafuta mchanga wa kuisugulia. Jua linawaka. Huko juu milimani kulikuwa na wingu moja tu, likanyesha muda wa kukaanga maandazi ya kikaango kimoja. Basi. Mara mto ukaruka. Haukupanda, uliruka, mwekundu kama maji ya kufinyangia matofali, ukachukua sufuria, ukachukua na jiwe alilokuwa amekalia muda mfupi kabla. Wafanyakazi walicheka mpaka wakaegemeana. Nyapara wao, Severini, alimwambia: "Mama Maandazi, ungejitia ndani yake ungefika Rufiji bila nauli."

"Uliisahau," alisema Bi Natalia. "Usiusingizie mto."

"Mama, tuvune."

"Mpunga una maziwa."

"Wa upande wa chini umeinama tayari. Tuvune huo, mwingine usubiri."

"Mto umeshakuja mwaka huu, umeshaondoka. Haurudi bila kusema."

"Kule juu hakuna miti, mama. Mvua ikinyesha haina pa kukaa. Inateremka yote kwa mara moja."

"Hayo umeyasoma wapi?"

"Kwenye sufuria."

Bi Natalia alicheka, maana alimpenda mkwe wake kwa ulimi huo. Akatazama milima. "Ukungu nao siku hizi unaondoka mapema," alisema. "Zamani ulikaa mpaka watu wanakula mchana. Sasa hata chai haungoji." Alilisema kama mtu anayemsengenya mgeni asiye na subira, kisha akarusha udongo kufukuza ndege.

Kelestini naye aliposimuliwa alijikuna kidevu. Kati ya mama na mke, mwanamume mwenye akili hutafuta kitu cha kurekebisha. Alirekebisha mpini wa jembe. "Mama hajawahi kukosea," alisema mwishowe. "Na wewe, sema ukweli, hukuisahau?"

Aurelia alikwenda Kibaoni dukani kwa Mbaruku kununua sufuria nyingine. Mbaruku aliipiga kwa kidole, ikalia vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Chukua, dada yangu. Lakini nikuulize, hii nayo inapenda safari?" Waliokuwa barazani wakageuza nyuso zao ukutani, mabega yakitikisika.

Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja ambayo haikuwahi kuvunjwa. Mpunga haukuguswa na kisu mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba akate suke la kwanza, alipike kwenye chungu kidogo, ale peke yake bila kusema neno. Hapo ndipo shamba linakuwa limefunguliwa. Mwanamke mwingine akitangulia kukata, maana yake ni moja tu: yule mkubwa amekufa.

Aurelia aliijua sheria hiyo. Siku ya sikukuu ya Kupaa Bwana, wote walipokwenda misani, alisema tumbo linamsumbua. Walipopotea kwenye majani, alichukua kisu kidogo cha kuvunia, akaingia upande wa chini. Alikata kwa haraka, mafungu yakajipanga nyuma yake. Kila alipoinua kichwa aliangalia milima, na milima ilikuwa mizuri, ya kibluu, imetulia.

Bi Natalia aliporudi aliyaona mafungu. Hakugomba. Alitembea mpaka njia kuu ya kutoka kanisani, akakaa katikati yake, miguu ameinyoosha. Wanawake waliotoka misani na khanga zao mpya walilazimika kuzunguka kwenye tope.

"Vipi, mama, umepatwa na nini?"

"Nimefiwa."

"Maskini! Amekufa nani?"

"Mimi. Mkwe wangu ameshanirithi."

Ilibidi Kelestini aitwe. Alikuja na nguo zake za misani, akaangalia mama yake chini, mkewe pembeni na kijiji chote katikati, na safari hii hapakuwa na jembe la kurekebisha. Akamwamuru mkewe alete jogoo na kupiga magoti.

Aurelia akapiga magoti topeni, jogoo kwapani. "Nimekosa, mama. Upo hai."

"Asante kwa taarifa," alisema Bi Natalia.

Watu walicheka hadi jogoo akatoroka. Lakini hukumu haikuwa ya kuchekesha. Mafungu yaliyokatwa alipewa Hermenegildi alishie kuku wake, na shamba likafungwa upya. Lingekaa wiki nzima likisahau lile tusi, ndipo lifunguliwe kwa heshima. Aurelia alisikia hayo akiwa bado magotini. Aliwatazama watu wakitawanyika, akatazama mpunga, ambao sasa hata upande wa juu ulikuwa umeinamisha vichwa.

Jumamosi yake hapakuwa na wingu bondeni. Kelestini alitoka kazini mchana, akakuta mama yake juu ya dungu anapepeta mtama wa kuku na mkewe chini anafukuza ndege, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Huko juu milimani kulikuwa kweusi, lakini milima ni mbali, na jua lilikuwa linachoma visogo.

Kitu cha kwanza kilikuwa ndege. Walinyamaza wote kwa pamoja, wakaondoka.

Halafu ikaja sauti. Kelestini alidhani ni lori la kiwanda, akageuka kulitafuta barabarani. Ilikuwa inatoka mtoni. Wakaona majani marefu ya ukingoni yanalala, mstari mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopiga magoti kanisani, na nyuma yake ukatokea ukuta wa maji mekundu wenye povu la rangi ya kahawa. Haukuwa mrefu, kimo cha mtoto. Lakini ulikuwa mpana kama bonde, na ulikuja chini ya jua kali, bila tone la mvua, ukimetameta. Mungu atusamehe, ulikuwa kitu kizuri. Wote watatu walisimama wakiutazama, midomo wazi, kama walivyotazama watu siku ya mvule.

Ulibeba unga wa mbao kwa marobota. Ulibeba mahindi ya mteremkoni na mizizi yake na udongo wake. Kikapita kitanda, likapita paa la nyasi na kuku juu yake. Kisha yakaja magogo. Yalikuwa magogo ya mkangazi yaliyokuwa yamepangwa ukingoni yakingoja msumeno. Maji yalikuwa yameyafungua kama mtu anavyofungua mfuko wa njugu, na sasa yalikuja yakijigeuza polepole, meusi, mazito, kama viboko wanaotafuta pa kulala. Kelestini aliona alama za shoka kwenye vichwa vyake. Nyingi alikuwa amezichonga yeye.

"Mama!" alipiga kelele. "Shuka!"

Bi Natalia hakumsikia. Alikuwa anatazama maji yakiingia katika mpunga wake bila kumgusa kidole, bila kumngoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto aliyemlea. Aurelia, maji yakimfika magotini, alikuwa ametoa kisu. Alikishika tu. Alikuwa anamtazama mama mkwe, machozi yanatiririka, hakati.

Hapo Bi Natalia aliinama ukingoni mwa dungu, akavuta suke lililokuwa karibu na ngazi, akalitia mdomoni bichi, na maganda yake. Akatafuna, akameza kwa shida.

"Shamba limefunguliwa!" alipaza sauti. "Aurelia! Kata! Mnatazama nini, ngoma?"

Aurelia alikata. Hajawahi mtu kuvuna vile katika bonde lile. Alikata mbivu na mbichi, alikata na magugu, maji yakipanda mapajani, kiunoni, anatupa nyuma bila kuangalia, na Kelestini nyuma yake na mtumbwi aliokuwa ameufungua mguuni mwa dungu, anapokea. Hermenegildi alitokea na mkewe na wale watoto wake, wamepakwa tope kama vyungu visivyochomwa.

"Shamba langu limeshapita hapa?" aliuliza. "Maana kule halipo. Limebaki jiwe." Kisha akaingia majini naye akaanza kung'oa mpunga kwa mikono, watoto wake wakafuata, kila mmoja kama bata.

Mtumbwi ulipojaa, Kelestini aliusukuma mpaka dunguni. "Panda, mama."

"Umejaa. Peleka mpunga kwanza, mimi nitangoja."

"Mama," alisema Aurelia, "panda, au nitapiga magoti tena humu humu na nizame."

Huenda angeendelea kukataa. Lakini gogo moja lilijigeuza, likaja taratibu kabisa, bila hasira, likagusa mguu wa dungu. Dungu likapiga goti kama ng'ombe. Aurelia alimdaka mama mkwe kwa fundo la khanga, wakaanguka wote juu ya mpunga, na walipoinuka walibaki wanatazamana, mmoja ana tope puani na mwingine ana suke sikioni.

"Upo hai, mama?" aliuliza Aurelia.

"Sina hakika," alisema Bi Natalia. "Safari hii niulize vizuri."

Maji yaliondoka upesi kama yalivyokuja, yakaacha tope jekundu lisilo na mwisho. Mpunga uliosimama ulilazwa chini yake. Hermenegildi na watu wake walipewa fungu lao, maana jasho la mtu haliliwi bure. Uliobaki ndio chakula cha mwaka mzima, nao ulikuwa umelowa chapa. Mpunga wa hivyo usipoanikwa huota, na ukiota umekwenda. Lakini uanikwe wapi? Toka shambani mpaka barabarani hapakuwa na mahali pakavu pa kuweka hata kikombe. Mikeka ilikuwa njiani kwenda Rufiji.

Palikuwa pakavu mahali pamoja tu. Magogo yalikuwa yamelala katikati ya shamba, yamejiegemeza huku na huku, migongo yake mipana iko juu ya tope, na jua lilikuwa limeshayakausha. Wanawake walitandika khanga zao juu ya magogo, wakamwaga mpunga, wakapanda wenyewe na kukaa, mmoja kichwani na mwingine mkiani, wakiugeuza kwa viganja.

Tingatinga lilikuja likizama na kuinuka, minyororo inalia, Severini anatembea mbele na buti zake. Nyuma yake walikuja wafanyakazi waliotumwa kuyakokota magogo, na Kelestini, aliyeitwa kazini alfajiri ile, alikuwa mmoja wao, amebeba mnyororo begani. Mtu aliyeajiriwa haulizi anatumwa shamba la nani.

"Shikamoo, mama," alisema Severini.

"Marahaba, baba. Toa kivuli chako hapo, mpunga unataka jua."

Severini alisogea, kisha akakumbuka cheo chake. "Magogo haya ni mali ya kampuni. Kelestini, funga mnyororo."

"Bwana nyapara, kuna mpunga," alisema Kelestini.

"Nauona. Waambie wauondoe."

"Wauondoe waupeleke wapi?"

"Hiyo ni kazi yao. Gogo ni la kampuni, ardhi ni ya Serikali."

"Na tope je?" aliuliza Aurelia kutoka juu. "Tope ni la nani? Kama ni letu, tuambie tulijue."

Wafanyakazi wakacheka, safari hii bila kuegemeana. Severini alimgeukia Kelestini. Alimwambia taratibu, kwa Kiswahili kilichosafishwa, kwamba milangoni mwa kiwanda kuna watu wanaolala wakingoja kazi, Wabena, Wangoni, watu wenye viungo vyao vyote, na kwamba mnyororo ule una mikono mingi inayoutaka.

Ilikuwa kweli. Kelestini aliwajua, alipita katikati yao kila asubuhi. Akautazama mnyororo. Akautazama mpunga, punje zimeanza kupauka pembeni lakini katikati bado nyeusi kwa maji. Akamtazama mama yake, aliyekuwa haangalii mtu, anageuza tu.

Akaushusha mnyororo topeni. Haukupiga hata kelele, tope liliumeza. Akapanda juu ya gogo, akainama kwenye ile khanga ya kati ambayo hakuna aliyekuwa akiifikia, akaanza kuugeuza mpunga kwa mikono yake ya msumeno. Aliugeuza vibaya. Aurelia akamwonyesha.

Severini alisema kuhusu kesho. Alisema kuhusu Bwana Mkubwa. Alisema kuhusu watu wasio na shukrani, na mashine ikawa inanguruma nyuma yake, kubwa, ya manjano, ikitikisa tope chini ya miguu ya kila mmoja. Mwishowe dereva, mtu mzima aliyetoka mbali na ambaye hakujua lugha yoyote ya pale ila Kiswahili, aliona dizeli inakwisha bure. Akazima injini.

Kimya kilikuwa kikubwa kama kile cha baada ya kengele. Dereva akashuka, akajifuta jasho, akaja mpaka kwenye gogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unachukua muda gani kukauka, mpunga wa namna hii?"

Watu wote wakamgeukia Bi Natalia, kama walivyozoea kumngoja. Yeye aliinua uso kutazama milima. Ilikuwa wazi, haina hata kipande cha ukungu, na mistari mirefu myekundu ilikuwa imechanika ubavuni mwake. Jua lilikuwa tayari kali kuliko saa yake. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma mwandiko wa mtu asiyemjua.

"Sijui, baba," alisema. "Keti."

Aurelia akakunja miguu, dereva akapata nafasi.